Paka Mwoga Hana Shida, Keja Yako Ndiyo Ina Kelele

Kuna kitu nimekiona mara nyingi kwenye status za WhatsApp hapa Nairobi mpaka nimeamua kukiandikia. Mtu anaposti katoni ya watoto wa paka. "Wako wanne, wiki nane, bure, ujipange na usafiri." Kwenye picha watatu wako mbele, macho wazi, mmoja tayari anapanda mkono wa mwenye simu. Wa nne yuko nyuma kwenye kona, unaona masikio tu. Kufikia jioni watatu wameenda. Wa nne anakaa siku nne, tano, halafu mtu anamchukua kwa huruma, na baada ya wiki moja anarudishwa na ujumbe: "Aki huyu nyau hanipendi. Anajificha tu."

Hanipendi. Hilo neno ndilo limenitoa usingizini. Paka wa wiki tisa, juzi ametolewa kwa mamake na ndugu zake, hajui wewe ni nani, hajui hiyo sauti ya blenda ni ya nini, na tayari ana kesi ya kujibu kuhusu mapenzi. Mimi nasema shida si yeye. Na ili unielewe itabidi turudi nyuma kidogo, kama miaka elfu kumi hivi. Vumilia tu, historia ya paka haichoshi kama ile ya mkoloni na reli.

Anza na hii: paka hakuletwa. Ng'ombe aliletwa. Mbuzi aliletwa, akafungwa kamba, akazalishwa. Mbwa naye ana hadithi yake ndefu ya kuwinda pamoja na watu. Paka alikuja mwenyewe. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima ngano na shayiri na kuiweka ghalani, panya wakasikia habari. Panya wakija, paka-mwitu anafuata panya. Hakuna mtu aliyemwita. Alikuwa anakuja usiku, anakula, anaenda. Mwaka 2007, Carlos Driscoll na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science utafiti wa DNA ya paka 979, wa nyumbani na wa mwituni, na ikaonekana kwamba paka wa nyumbani duniani kote wako karibu zaidi na paka-mwitu wa Mashariki ya Kati, yule wanasayansi humwita Felis lybica. Kuanzia yule anayelala kwenye kochi la Paris mpaka yule anayekagua jaa la Gikomba. Familia moja.

Sasa huyo Felis lybica si mgeni kwetu. Yuko Kenya mpaka leo. Ana rangi ya udongo mkavu, miguu mirefu, mistari hafifu, na mtu akimwona Laikipia au Tsavo anaweza kudhani ni paka wa jirani amepotea. Lakini mwangalie anavyoishi. Anawinda peke yake. Analala peke yake. Na hapa ndipo wengi hawafikirii: huyu mnyama anawinda, lakini pia anawindwa. Panya na ndege wanamwogopa yeye. Yeye anamwogopa tai, chatu, chui, fisi, mbwa. Simba anaweza kumudu kujiamini. Mnyama wa kilo nne hawezi. Kwa paka-mwitu woga ni bima ya maisha. Yule aliyekuwa mkakamavu sana, anayetembea katikati ya uwanja mkia juu, hakuacha watoto wengi.

Kwa hivyo ukimwona mtoto wa paka amejibana nyuma ya katoni, huyo hana kasoro. Huyo ni mjukuu halali wa wale walionusurika. Wale watatu wa mbele ndio wageni kwenye ukoo, ukitaka kuwa mkali.

Kilichotokea ghalani ni kwamba kati ya wale paka waoga, wengine walikuwa na woga kidogo chini ya wenzao. Mkulima akipita, mmoja anakimbia mita hamsini, mwingine anakimbia mita tano halafu anageuka kutazama. Huyu wa mita tano alikula zaidi, akazaa zaidi. Kizazi baada ya kizazi umbali ukapungua. Ona vizuri kwamba woga haukuisha, ulipungua tu. Mwaka 2014 kikundi cha watafiti wa Marekani kiliosoma jinomu ya paka (walitumia paka jike mmoja wa aina ya Abyssinian aliyeitwa Cinnamon) kilikuta kwamba sehemu ambazo paka wa nyumbani wametofautiana na wa mwituni zinahusu, kati ya mambo mengine, jinsi ubongo unavyojifunza hofu na jinsi unavyojifunza kutarajia zawadi. Kwa lugha ya mtaa: anajifunza nani ni hatari na nani ana omena. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya huko chini ya kitanda chako. Yuko darasani. Wewe ndiwe unamkatizia somo ukimvuta na mguu.

Urafiki wenyewe ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kisiwani Cyprus, mahali panaitwa Shillourokambos, wanaakiolojia Wafaransa wakiongozwa na Jean-Denis Vigne walikuta kaburi la kama miaka 9,500 iliyopita. Walitangaza mwaka 2004. Ndani kuna mtu, na sentimita 40 hivi kutoka kwake kuna paka, mdogo, wa karibu miezi minane, amelazwa mzima mzima bila dalili ya kuchinjwa ili aliwe. Cyprus haikuwa na paka wake wa asili. Maana yake mtu alivuka bahari na paka kwenye chombo cha miaka hiyo, bila injini, bila kikapu cha kubebea wanyama. Ukiwa umewahi kumbeba paka kwenye matatu kutoka Rongai hadi tao, utamheshimu huyo mtu.

Lakini sitaki kukupa ile hadithi tamu ya "watu wamependa paka tangu zamani". Historia ya paka imejaa mapenzi ambayo hayakumsaidia paka hata kidogo. Mfano mkubwa ni Misri, na nitakaa hapo kwa sababu inafanana na sisi wa leo kuliko tunavyotaka kukubali.

Kila mtu anajua Misri ya kale iliheshimu paka. Mungu wao Bastet alichorwa na kichwa cha paka, mji wake ulikuwa Bubastis, kule kwenye delta ya Nile. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema paka wa nyumba akifa kifo cha kawaida, wenye nyumba walinyoa nyusi. Alieleza pia sikukuu ya Bubastis: watu wanakuja kwa mashua, wanawake wanatikisa kayamba zao, filimbi, nyimbo, divai inayonywewa kushinda mwaka wote mzima. Akataja watu 700,000. Hiyo namba ichukue vile unavyochukua namba za mkutano wa siasa, lakini picha unaipata. Ni fujo. Ni tamasha. Jina la paka liko kwenye kila mdomo.

Na paka wenyewe? Mahujaji walitaka kumpelekea mungu zawadi, na zawadi ilikuwa paka aliyekaushwa na kufungwa vitambaa. Mahujaji wengi, kwa hivyo paka wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walichunguza kwa eksirei paka waliokaushwa walioko British Museum, London. Wengi hawakufika umri wa mwaka mmoja, wengine walikuwa na miezi michache tu, na shingo zao zilikuwa zimevunjwa. Walikuwa wanafugwa ili wauawe, wauzwe kwa watu waliokuja kuonyesha jinsi wanavyopenda paka. Biashara kamili.

Mwisho wa hiyo hadithi ni mbaya zaidi. Mwaka 1888 mkulima mmoja wa Misri karibu na Beni Hasan aliangukia shimo lililojaa paka waliokaushwa, maelfu kwa maelfu. Mwaka 1890 tani 19 hivi zilipakiwa kwenye meli mpaka Liverpool, Uingereza, inakadiriwa kama paka 180,000, wakauzwa kwa mnada kuwa mbolea. Yaani wanyama walioabudiwa waliishia kwenye mashamba ya Waingereza kama tunavyotumia samadi ya kuku.

Sasa usiniambie haya ni mambo ya kale. Fungua TikTok. Mtoto wa paka anavalishwa nguo ya mtoto, anapulizwa na kiyoyozi, anatishwa na tango ili aruke, mtu anacheka, mwenye simu anapata maoni elfu mia mbili. Paka mwoga hafai kwa hiyo kazi, ndiyo maana anarudishwa. Tunawapenda paka sana, kama Bubastis walivyowapenda. Mapenzi ya umati ni mapenzi yanayomtumia aliyependwa.

Linganisha na upande mwingine, na huku hatuendi mbali na nyumbani. Mmoja wa maswahaba waliosimulia hadithi nyingi zaidi za Mtume Muhammad anajulikana kwa jina la utani tu, Abu Hurayra, maana yake baba wa kipaka. Inasimuliwa kwamba alikuwa mchunga kondoo na alikuwa na paka mdogo wa kucheza naye huko malishoni. Hebu fikiria hiyo picha: mtu mmoja, kondoo, upepo, kipaka. Hakuna mashua, hakuna filimbi. Halafu kuna simulizi ya Abu Qatada, aliyekuwa anataka kutia udhu, paka akaja na kiu, naye akamwinamishia chombo anywe mpaka akatosheka, akaeleza kwamba paka si najisi kwani ni miongoni mwa wale wanaozunguka majumbani mwetu. Na kuna ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie. (Ile maarufu ya Mtume kukata mkono wa kanzu ili asimwamshe paka wake Muezza, ni nzuri, lakini haimo kwenye vitabu vikuu vya hadithi. Ni simulizi ya watu.)

Angalia hizo mbili vizuri kwa sababu ndani yake kuna kanuni nzima ya kuishi na paka. Mwinamishie chombo. Usimfungie bila njia. Hakuna mahali mtu ameambiwa ambebe, ambusu, ampige picha.

Ukitaka kuona hiyo kanuni ikitembea, nenda Lamu. Paka wa Lamu wanajulikana, wembamba, shingo ndefu, na watalii hupenda kusema wametoka Misri moja kwa moja. Mimi naona ni uvivu wa kufikiri. Lamu ilikuwa bandari. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na India, kusi ikayarudisha, kwa zaidi ya miaka elfu moja. Jahazi lenye nafaka lina panya, na jahazi lenye panya linahitaji paka. Kwa hivyo paka wa pwani walishuka ngazi za bandarini kama watu wengine wote walioijenga Lamu. Leo wanalala kwenye baraza za mawe, kwenye kivuli cha milango, karibu na wavuvi wanaokosha samaki. Watu wanawaruka wakipita. Hakuna anayewashika sana, hakuna anayewafukuza sana. Si pepo, wengine wana magonjwa na njaa ipo. Lakini mtoto wa paka wa Lamu anakua akiwaona watu wanapita bila kumkimbilia, na hilo ni somo ambalo paka wa Nairobi wengi hawalipati.

Kusini kidogo ya hapo, Kilifi, kuna hadithi ambayo nashangaa hatufundishwi shuleni. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420 kati ya Kilifi na Malindi, una paka wake. Wagiriama waliwaita khadzonzo, kwa sababu manyoya yao yanafanana na gome la mti. Mwaka 1978, mwanamke mmoja aitwaye Jeni Slater alikuta watoto wa paka wa aina hiyo kwenye shamba lake la minazi karibu na msitu huo. Akachukua wawili na kuwalea nyumbani. Watoto wa paka wa msituni, bila historia yoyote ya kochi. Wakazoea, wakazaana, na miaka ya 1980 wengine wakapelekwa Denmark. Mwaka 1993 shirika la paka la Ulaya, FIFe, likawatambua rasmi kama aina kamili: Sokoke. Vipimo vya DNA vilivyofanywa baadaye viliwaweka karibu na paka wa Asia, na karibu pia na paka wa kawaida wa Lamu. Yaani ni wale wale wa majahazi, waliingia msituni wakakaa.

Kinachonigusa kwenye hadithi ya Sokoke si kwamba wazungu waliwapa cheti. Ni kwamba paka wa msituni, ambao mtu yeyote angesema "hawa ni wa pori, achana nao", walihitaji shamba tulivu na mtu asiye na haraka, basi. Na uchungu wake ni kwamba kuna watu Ulaya wanaweka jina kwenye orodha ya kusubiri mtoto wa paka wa Kilifi, huku Kilifi yenyewe wenzake wanapigwa mawe.

Haya, turudi kwa huyu wako wa chini ya kitanda. Kwa nini ndugu zake watatu wakakamavu na yeye mwoga, na mama ni mmoja? Miaka ya 1980 mtafiti Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alifanya kazi ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa haya mambo. Alionyesha kwamba kuna dirisha, kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi, ambapo mtoto wa paka akishikwa na watu kwa upole anajifunza kwamba watu ni salama. Wale walioshikwa dakika 40 kwa siku walimkaribia mtu haraka kuliko wale wa dakika 15. Baada ya hapo dirisha halifungwi kwa kufuli, lakini linakuwa zito kusukuma. Halafu mwaka 1995 Sandra McCune akaongeza jambo la kushangaza: baba. Paka baba hamlei mtoto, mara nyingi hata hamjui, lakini watoto wa baba mkakamavu walikuwa wepesi zaidi kukaribia watu na vitu vipya kuliko watoto wa baba mwoga. Na kwa kuwa paka jike anaweza kuzaa kwa mkupuo mmoja watoto wa madume tofauti, ndugu wa katoni moja wanaweza kuwa wa baba mbalimbali. Kwa hivyo huyo wa kona anaweza kuwa na baba yake mwenyewe, paka shume fulani wa nyuma ya kibanda cha nyama, mwenye akili timamu ya kutomwamini mtu yeyote.

Kuna jambo moja zaidi la historia, na kwangu ndilo kubwa. Paka wa kufungiwa ndani saa 24 ni kitu kipya sana. Mpaka juzi, paka alikuwa na mlango. Alikuja ghalani, akaondoka. Alikaa jikoni kwa nyanya yako, kishindo kikitokea anapitia dirishani, anarudi usiku. Kilichobadilisha ni mchanga. Mwaka 1947, huko Michigan, Marekani, kijana aitwaye Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu unaofyonza maji badala ya mchanga wa kawaida uliokuwa umeganda kwa baridi. Ukafanya kazi, harufu ikapungua, Lowe akaanza kuujaza kwenye mifuko na kuuza. Hapo ndipo paka akaweza kuishi orofa ya sita bila kukanyaga ardhi.

Sasa piga hesabu. Miaka elfu kumi ya kuwa na njia ya kutokea, halafu miaka isiyofika mia ya kutokuwa nayo. Bedsitter yako ya Roysambu ndiyo mahali pa kwanza katika ukoo wake wote ambapo akiogopa hana pa kwenda. Jirani wa kushoto ana wufa, wa juu anaburuta viti, mlango wa chuma ukifungwa ni kama bomu, marafiki wako sita wamekuja kuangalia mechi. Paka mwoga anafanya hesabu moja tu: njia iko wapi? Asipoipata anaingia nyuma ya mtungi wa gesi, na wewe unaandika "hanipendi".

Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi. Mpe njia. Mwaka 2014 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwachukua paka 19 waliokuwa wamefika kwenye makao ya wanyama. Kumi walipewa boksi la kujificha, tisa hawakupewa. Wenye boksi walitulia mapema zaidi. Boksi, msee. Ile katoni ya maziwa ambayo duka la mtaani wanaitupa bure. Ilaze ubavu, weka kitambaa chenye harufu ya kule alikotoka, mdomo wake uelekee ukutani na pembeni uache nafasi ya kupita. Umeshamrudishia dirisha la jikoni la nyanya.

Nilipomchukua wa kwangu, jike wa rangi ya majivu, alikaa nyuma ya ndoo ya mchele siku kumi na moja. Nilikuwa nasoma sakafuni kila jioni, nimempa mgongo, sahani ya omena mita mbili kutoka kwangu, kesho yake mita moja na nusu. Mamangu alipiga simu akauliza, "Wewe, huyo paka yuko kweli ama unalisha panya?" Siku ya kumi na mbili nilihisi kitu kimegusa kisigino. Sikugeuka.

Na macho. Sisi tunaamini kumtazama mtu machoni ni upendo. Kwa mnyama anayewindwa, macho mawili makubwa yasiyopepesa ni chui. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vya Sussex na Portsmouth walionyesha kwamba mtu akimwangalia paka na kufumba macho polepole, nusu nusu, kisha kufumbua, paka hufanya hivyo hivyo zaidi, na huwa tayari zaidi kumsogelea mtu huyo hata akiwa mgeni. Jaribu. Utajihisi mjinga dakika mbili tu.

Mtaniambia nyumba tulivu ni za Karen, za watu wenye pesa na bustani. Hapana. Nyumba tulivu ni ile ambayo mambo yanatokea saa zile zile. Mjane anayeishi peke yake Kayole na redio yake ya saa tatu usiku ana nyumba tulivu. Mwanafunzi anayekesha na vitabu anayo. Nimeona jumba la vyumba vitano lenye watoto wanne wanaomkimbiza paka kutoka sebuleni hadi jikoni, hilo si tulivu, na hao nawaambia wazi wachukue yule mkakamavu wa mbele. Atawafaa, nao watamfaa.

Mwanzoni mwa 2025 Nairobi ilicheka sana ule mswada wa kaunti uliotaka wenye paka walipie leseni ya shilingi 200 kwa mwaka na waonyeshe chanjo ya kichaa cha mbwa. Vichekesho vilikuwa vikali, nami nilichangia vyangu. Lakini chini ya vicheko kulikuwa na swali ambalo hatukulijibu: paka wa mji huu ni wa nani? Shirika la KSPCA limekuwa likiokota wanyama nchi hii tangu 1910, kabla hata hatujaitwa Kenya, na bado paka wanaotupwa hawaishi. Ukimrudisha wa kona kwa aliyekupa, mara nyingi yeye naye hana nafasi, na kituo kinachofuata ni jaa. Paka aliyezoea mtu mmoja kwa wiki moja kisha akatupwa ni mwoga mara mbili, na hajui kuwinda.

Kwa hivyo ukienda kuchagua, uliza maswali mawili kabla ya kuuliza rangi. Ana wiki ngapi? Chini ya nane mwache kwa mamake. Na nani amekuwa akimshika, tangu lini? Kisha kaa chini, usisimame juu yao kama mnazi, na ungoje robo saa. Paka mwoga lakini mpole utamjua: anarudi nyuma, hakoromi, hatoi kucha, na ukitazama pembeni anachungulia. Huyo chukua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apate chanjo, akifika miezi mitano sita ahasiwe. Usiku wa kwanza mpe kona moja tu ya nyumba, si nyumba nzima, katoni, maji, na beseni la mchanga mbali na chakula. Udongo wa dukani ukiwa ghali, mchanga msafi au maranda ya fundi mbao yanatosha. Na maziwa ya ng'ombe usimpe, hata akililia. Yatamharisha, na hapo ndipo utajua kukosa usingizi ni nini.